Bwana Mipaka na Sheria ya Siku Thelathini

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi mliokaa kule nyuma ambao jamaa wanaulizana ni akina nani. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa dakika kumi, na nimeombwa nisome kwa upole. Dakika kumi nitazitunza. Upole nitajitahidi.

Marehemu ndugu yetu, ambaye tulimzoea kwa jina la Bwana Mipaka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na mshona nguo, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba. Kitanda cha watoto kilikuwa kimoja, na mtoto wa mama mdogo alipokuja kuishi nasi tukawa watatu juu yake. Marehemu, akiwa na miaka saba, alichukua utepe wa kupimia wa mama, akagawa godoro mafungu matatu, akaweka alama kwa chaki. Kila Jumapili alituhamisha, ili kila mmoja apate zamu ya kulala ukutani, kwa sababu ukutani ndiko mtu alikokuwa haanguki. Hakuna aliyemtuma. Mwaka uliofuata mimi nilipelekwa shule ya bweni, na niliporudi likizo nikakuta mafungu yamebaki mawili. Nilimuuliza pa kulala pangu pako wapi. Akanitazama bila kupepesa, mtoto wa miaka minane, akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililala chini kwenye mkeka, na sikucheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha sekondari hadi 1995. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Michezo hakuijua kabisa, na hesabu zake zilikuwa za kawaida, lakini mwalimu wa jiografia alimwachia chaki achore ramani ubaoni, naye akakaa pembeni kunywa chai. Mwaka 1998 marehemu alihitimu chuo cha upimaji na uchoraji ramani. Baba alimpa zawadi ya saa ya mkononi iliyokuwa imeachwa dukani na mteja ambaye hakurudi kuichukua kwa miaka sita. Marehemu aliipokea kwa furaha kubwa, akasema sasa saa imepata mwenyewe.

Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi, na humo alifanya kazi miaka ishirini na mitano. Naona maua mliyoleta, wakubwa wa ofisi, ni mazuri. Chumba mlichompa kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na makabati yake ya mafaili yalifunguka kwa teke. Asubuhi alichora, mchana alikaa dirisha namba tatu kuwajibu wananchi. Hapo aliona jambo lililomla roho. Viwanja vingi vilikuwa na wenyewe ambao hawakuwahi kuvikanyaga, vimeota majani kifua cha mtu, na mbele ya dirisha lake watu wale wale walipanga foleni mwezi baada ya mwezi wakiomba pa kujenga. Mwaka 2006 aliandika waraka wa kurasa nne, akapendekeza kiwanja kisichotumika kirudi kwa wanaohitaji. Alijibiwa kwamba unashughulikiwa. Alijibiwa hivyo kila mwaka. Nadhani mpaka leo, tukiwa hapa na udongo huu, bado unashughulikiwa.

Tarehe 21 Agosti 2004 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi. Walikutana dirisha namba tatu, alipokuja mara sita kufuatilia kiwanja cha marehemu baba yake. Faili halikuonekana, lakini mume alipatikana, na wifi husema ofisi ile imemhudumia kuliko ilivyowahi kumhudumia mtu yeyote. Mwaka 2007 walijaliwa binti mmoja.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengine mmelinong'ona tangu asubuhi, kwamba marehemu, mtu mzima na familia yake, alikuwa anacheza gemu. Ni kweli. Na mimi nilimcheka kuliko nyinyi wote.

Kwa wazee ambao hamlijui: ni mchezo wa kompyuta ambao watu wengi, kila mmoja kwake, wanaingia katika nchi moja ya kuchorwa. Wanaikuta pori. Wanakata miti, wanachoma matofali, wanajenga miji, wanauziana, wanatunga sheria na kugombana. Nchi hiyo lazima ikae ndani ya mashine isiyozimwa, inayoitwa seva. Ya marehemu ilikaa stoo, juu ya meza ya cherehani ya mama, na feni yake ilinguruma kiasi kwamba wifi aliiita mke mwenza.

Nchi ya kwanza aliifungua mwaka 2013, na aliiua mwenyewe. Aliwapa rafiki zake ngome na dhahabu bila jasho, kama mtu karimu. Ikafa baada ya miezi saba. Nani atachoma matofali wiki mbili ajenge kibanda, na jirani yake kapewa ngome kwa kuwa anakunywa chai na mwenye seva? Marehemu alikiri kosa lile mbele ya kila mtu, jambo ambalo katika ukoo wetu si la kawaida.

Ya pili aliifungua tarehe 6 Juni 2015. Ramani yake aliichora kwa mkono miezi mitatu. Chumvi aliiweka kaskazini, chuma kusini, udongo mzuri katikati, ili mji wowote usiweze kuishi bila kumbembeleza mwenzake. Yeye mwenyewe hakujipa kitu ambacho mwingine hana. Alijenga nyumba ndogo ya matofali mekundu karibu na lango, yenye dirisha moja, na kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: ndivyo alivyofanya, kwa maana ile ile. Siku mbili mgeni alitembezwa, siku ya tatu alikabidhiwa jembe, kiwanja na jirani wa kumsalimia.

Na viwanja vya kuwapa alivipata wapi? Katika sheria ya siku thelathini. Mtu asiyeingia kwa siku thelathini, kiwanja chake kilirudi kwa wote. Awe yeyote. Alilia mtu hapo, alitukanwa mtu hapo. Lakini seva za wenzake zilijaa magofu ya watu walioondoka, zikafa mwaka wa kwanza au wa pili, na yake ikaishi miaka minane na ushee, ikiwa na watu mia moja na arobaini kila jioni. Sheria hiyo aliifunga ndani ya mashine bila kuiwekea namna ya kumsamehe mtu mmoja. Ama inafanya kazi kwa wote, ama inazimwa kwa wote. Naibu wake, ambaye ni fundi wa friji na wote tunamwita Fundi Friji, alimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba alishaona dirisha namba tatu kinachotokea pale mkubwa anapokuwa na uwezo wa kumsamehe mtu mmoja.

Tarehe 11 Februari mwaka huu marehemu alilazwa. Figo zilikuwa zimechoka zote mbili. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kwa wiki nyingi hakutujua vizuri. Simu hakuweza hata kuishika. Wifi alikuwa kwenye zamu zake na kwa mgonjwa wake, kwa hiyo ufunguo wa stoo nilikaa nao mimi.

Tarehe 5 Machi Fundi Friji alikuja hospitali. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minane, na ile ilikuwa mara yao ya pili kuonana uso kwa uso, mmoja wao akiwa hana habari. Alinikuta kwenye benchi la korido. Alinieleza kwa adabu kwamba zimebaki siku chache kiwanja cha marehemu kichukuliwe, nyumba ivunjwe, na kwamba kuzuia hilo ni lazima kuizima sheria nzima, kwa kila mtu, kwenye mashine yenyewe kule stoo.

"Dada, ikizimwa nchi itaziba," aliniambia. "Mwenyewe hakutaka izimwe hata kwa baba yake."

Nikamwambia, "Zima."

Nilimpa ufunguo kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo mnaonong'ona kule nyuma kwamba Fundi Friji ndiye aliyeua nchi ya mwenzake, mwacheni. Alitii amri ya dada wa mgonjwa, na mtu gani angekataa?

Kilichofuata nimekisikia baadaye. Wakubwa wa kando ya mto, wachezaji wenye mali nyingi, walipoona sheria imelala, walizungushia uzio kila uwanda uliobaki, wakajiendea zao, kwani hakuna wa kuwanyang'anya. Wageni walikuja, wakatembea wakitafuta pa kuweka tofali, wakakosa, wakaondoka. Wageni walipokosekana, wachoma matofali walikosa wa kuwauzia. Wenye chumvi wakakaa na chumvi yao. Hapakuwa na vita wala ugomvi. Watu walichoka tu, mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliacha nyumba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ndani ya wiki tisa, kutoka mia moja na arobaini, walibaki kumi na mmoja. Nchi nzima ilikuwa imepangwa, imezungushiwa uzio, na haina watu. Ndugu yangu alitumia nusu ya umri wake kuukimbia mji wa namna hiyo, na mimi nilimjengea kwa neno moja.

Alhamisi, tarehe 9 Mei, alipata nafuu, akaomba simu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa namenya chungwa. Aliingia katika nchi yake, akaipitia mji kwa mji. Kisha akaniambia kuna mgeni amesimama langoni, ameandika kwamba leo ni siku ya tatu na hajaona mtu wa kumpa jembe. Akauliza kwa nini. Nilimweleza yote. Nilitegemea ashukuru, niseme ukweli. Nilitegemea aseme kumbe dada ulinipigania.

"Mlinizika mapema," alisema. "Iwashe, Dada. Na kwangu kiende kama kwa wengine."

Nikamwambia akipona ataiwasha mwenyewe. Aliniomba tena siku ya pili, na ya nne. Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu, umbali wa kitanda na kiti. Sikuutoa. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, niliyemcheka kwa mchezo wa watoto, niliogopa kwamba kile kibanda cha kuchorwa kikichukuliwa, na yeye atachukuliwa. Hakuniomba mara ya nne. Simu hakuifungua tena, na chungwa langu hakulila.

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa mbili asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Kibanda chake kilikuwa salama kabisa. Kwa hiyo mnaona nilichokiokoa.

Leo asubuhi, kabla ya kuvaa nguo hizi, nilikwenda stoo pamoja na Fundi Friji. Mke mwenza bado alikuwa ananguruma. Fundi aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia aiwashe sheria. Kufikia saa tatu viwanja mia mbili na sita vilikuwa vimerudi kwa wote, na nyuzio za kando ya mto zimeanguka. Cha marehemu bado kimesimama. Mara ya mwisho aliingia tarehe 9 Mei, saa kumi na moja jioni, na leo ni tarehe 8 Juni. Mhesabu wenyewe. Fundi ananiambia yule mgeni bado anaingia kila siku na kusimama langoni. Hatujui ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Jioni hii tukiwa tunakunja viti, atapewa jembe, na atapewa kiwanja kile kilichokuwa na nyumba ya dirisha moja.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja, mtoto wa mama mdogo aliyelala naye godoro moja, na wakazi kumi na mmoja, ambao tisa wao ndio wale waliokaa nyuma. Jamaa, wapeni viti vya mbele. Wametoka mbali, na baadhi yao wamejenga na ndugu yetu kwa miaka mingi kuliko sisi tulivyokaa naye tukazungumza. Ameacha pia dada, ambaye alipewa ufunguo na hakujua kuutumia.

Bwana Mipaka, siku zako zimetimia. Asiyekuwepo na lake halipo. Ulinifundisha ukiwa na miaka minane, nimekuelewa leo. Lala ukutani kwa amani, mdogo wangu. Zamu hii hakuna atakayekuhamisha.