Msiifunge Laga Dima

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye simu aigeuze kifudifudi, kwa maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na hizo simu zenu. Sahra, binti yangu, kaa hapa upande wa kichwa. Hamdia, mjukuu wangu, nitilie mto mgongoni kisha uketi na mama yako. Yahye, usisimame hapo kama mtu aliyekuja kudai. Sina deni la mtu, na wewe ndiye mwanangu wa pekee wa kiume, ingia ukae. Na wewe Robow, mtoto wa ndugu yangu, najua umekuja kwa ajili ya lori. Kaa usikilize. Chai utapewa, lori hutapewa.

Daktari ameniambia kwamba huenda kifua hiki kisiuone mwezi mwandamo. Ni kijana mdogo, lakini nimemwamini papo hapo, kwa sababu amesema "huenda". Katika ofisi ya mitihani kule Nairobi, nilikozeekea, nilitafuta mkubwa hata mmoja anayejua kulitamka neno hilo na sikumpata.

Mali haina maneno mengi. Mungu ameshagawa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, na asiyeridhika asije kunisumbua kaburini. Lori la Garbatulla naomba liingie katika fungu la Sahra, maana ndiye aliyelilea katika barabara ile mbaya wakati wengine mlikuwa mnalisifia rangi. Lakini ipo theluthi ambayo dini imeniruhusu kuiusia nje ya warithi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite. Vile vyumba vya kupangisha hapa Wabera nimeviweka wakfu kwa shule ya Laga Dima, kule mbele ya Garbatulla. Kodi yake ilipe mwalimu wa pili na inunue maji wakati wa kiangazi. Msimamizi ni Sahra. Naona umekohoa, Robow. Kohoa, mwanangu, kikohozi hakibatilishi wakfu.

Sasa mtu atauliza, mzee huyu anawekaje wakfu kwa shule itakayofungwa kesho? Kweli. Ndiyo maana nimewaita leo. Kamati ya elimu inakaa kesho asubuhi, mwenyekiti wake ni Bi Velma, na mezani kwake kuna orodha ya shule kwa wastani wa mtihani, ya kwanza hadi ya mwisho. Laga Dima ni ya mwisho. Kamati imeambiwa iifunge na watoto wapelekwe bweni. Na orodha hiyo haikuandikwa na adui yetu. Imetoka katika kampuni ya mwanangu, Yahye mwana wa Dualeh, msomi mwenye shahada mbili na viatu vinavyong'aa kuliko hoja zake.

Usinune, Yahye. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi babayo nimechoka kuungoja ulimwengu.

Sikilizeni, hata wewe Robow, maana hili halihitaji shahada. Mtu akikuletea kibuyu cha maziwa ya ngamia kimejaa hadi shingoni, hukimbilii kumsifu mchungaji. Unauliza kwanza. Ngamia wake ni wa ukoo gani? Alichunga wapi, karibu na mifereji ya Rapsu au kule kwenye mawe matupu? Mvua ilinyesha? Kwa sababu maziwa yale kidogo yametoka kwa ngamia, kidogo kwa mchungaji, na mengi kwa malisho, na huwezi kumlaumu mchungaji wala kumsifu mpaka umelitenga fungu la kila mmoja. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na wenzangu wakaipa jina refu, modeli ya ngazi nyingi. Mtoto yuko ndani ya darasa, darasa liko ndani ya shule, shule iko ndani ya eneo lake, na alama ya mtihani imetokana na ngazi zote hizo. Kazi ya mtakwimu ni kuipa kila ngazi haki yake, wala si kumbambikia mwalimu ukame.

Mkubwa wangu, Isaac, alikuwa akiniambia, "Dualeh, bwana, watu hawataki ngazi, wanataka namba moja." Namba moja! Kama mtu anayenunua kiatu kimoja kwa ajili ya familia nzima. Na kila matokeo yalipotoka, walimu wakuu walibebwa mabegani na kupigiwa vigelegele, na wanafunzi wao walikuwa wamechujwa langoni tangu siku ya kwanza. Unachukua watoto waliokwisha kujua, unawafundisha wanayoyajua, kisha unabebwa mabegani kama aliyeua simba. Isaac alistaafu na saa ya ukutani na hotuba tatu. Sijampenda hadi leo. Akija mazikoni kwangu mpeni kiti, lakini asipewe nafasi ya kuzungumza.

Turudi Laga Dima. Yahye, tuambie mwenyewe, ni watoto wangapi waliofanya mtihani wenu kule? Kumi na mmoja. Sema tena, dada yako hakusikia. Kumi na mmoja! Hapa mjini shule moja ilitoa watoto mia tatu. Katika mia tatu, mmoja akiamka na homa, wastani hauna habari. Katika kumi na mmoja, homa ya mmoja ni homa ya shule nzima. Mwaka jana Laga Dima hiyohiyo ilikuwa ya kwanza katika orodha yenu. Ya kwanza! Mkamvisha Mwalimu Mwenda, mwalimu pekee wa pale, shada la maua, Yahye akapiga naye picha, mkono begani kama ndugu wa tumbo moja. Nikawaambia, mnaisifia bahati. Mkanicheka mkasema mzee ana wivu. Mwaka huu watoto wamefanya mtihani wiki ileile waliyorudi na mifugo kutoka malishoni, wawili wakiwa wanatetemeka na malaria, na Mwenda huyohuyo, mwenye ubao uleule na chaki ileile, amekuwa mzembe.

Shule ndogo ndizo zinazoruka juu kabisa na ndizo zinazoanguka chini kabisa, mwaka hata mwaka, katika kila orodha ya kipumbavu iliyowahi kuandikwa. Si kwa sababu ya walimu, ni kwa sababu ya udogo wake. Watoto wakiwa wachache huna ushahidi wa kutosha, basi unaivuta alama yao karibu na za shule nyingine zinazofanana nayo, unasema "huenda", unangoja miaka kadhaa ipite. Yahye anayajua haya. Mimi ndiye niliyemfundisha, mezani, kabla hajaota ndevu. Hajasahau hata neno. Hilo ndilo linalonichefua, maana mjinga husamehewa, lakini huyu anajua.

Unasemaje? Sema wote wasikie. "Aabo, hayo ni ya vitabuni, wateja wanataka kuona nani wa kwanza na nani wa mwisho." Mmemsikia? Wateja. Hata muuza miraa pale sokoni ana wateja, lakini yeye hawafungii majani ya mwarobaini akawaambia ni miraa. Na kama unataka kusema wamekuahidi kazi ya kaunti nzima mwaka ujao, nimeshasikia. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na wewe ukizungumza na wakubwa unapaza sauti.

Mnadhani haya ni maneno ya namba tu. Mtazameni Hamdia. Alikuwa na shule ya kutwa, anakwenda kwa miguu, anarudi nyumbani kwa mama yake. Watu wakaja na orodha, shule ikafungwa, wasichana wakaambiwa waende bweni, bweni likajaa, na mtoto huyu aliyekuwa akizisahihisha hesabu zangu bila haya sasa anapima sukari dukani kwetu. Nyamaza, Hamdia. Anasema, "Awoowe, mjomba hakuhusika." Najua hakuhusika. Kesho ndipo atahusika. Watoto wa Laga Dima wakiambiwa waende bweni, wavulana wachache watakwenda, na wasichana watarudi kwa mbuzi. Wala hakuna orodha itakayowataja, kwa sababu asiyefanya mtihani hashushi wastani wa mtu. Mwaka ujao Yahye atasimama mbele ya kamati na kusema, tazameni, wastani wa kaunti umepanda! Na watampigia makofi.

Basi huu ndio wosia wangu, na yote niliyotangulia kusema yalikuwa njia ya kuufikia. Yahye, nenda kwa Bi Velma leo, kabla ya magharibi, uiondoe orodha yako, na umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba haikuwa na uwezo wa kuihukumu shule ile. Kazi ya kaunti ikipotea, ipotee. Ukikataa sikulaani. Laana ya mzazi ni moto, na siwezi kumtupia mwanangu moto kisha nikalale. Lakini desturi ni mtoto wa kiume kushuka kaburini ampokee baba yake, na orodha ile ikisomwa kesho, wewe utasimama juu, watu wote wa Wabera wakikutazama, na atakayenipokea ni Robow. Naam, Robow, asiyeweza kushusha gunia la mchele bila kuita watu watatu. Afadhali aniangushe yeye kwa mikono yake dhaifu kuliko unilaze wewe kwa mikono iliyowatoa wale wasichana darasani.

Usilie hapa. Ukitaka kulia, lia njiani. Ukitoka getini, upande wa msikiti ni kwa Bi Velma, upande wa soko ni kwako, kwenye runinga yako kubwa. Chagua.

Ameinuka. Mwachie mkono, Sahra, si mtoto.

Nipeni maji. Kidogo tu... Yanatosha.

Yaliyobaki ni machache, na pumzi ni chache kuliko hayo. Kaburi langu lisijengewe. Chinjeni mbuzi mmoja, msichinje ng'ombe, na walafi wakinung'unika waambieni marehemu alikuwa bahili. Mwalimu Mwenda apelekewe habari mapema, ili apate gari la kuja. Vitabu vyangu ni vya Hamdia, vyote, hata vile ambavyo bado haviwezi. Sahra, mtoto huyu arudi shuleni muhula ujao. Usiniulize duka litabaki na nani. Robow yupo. Ajifunze kupima sukari.

Nasikia gari limewaka. Hamdia, chungulia dirishani, amekata wapi? Amesimama getini? Anafanya nini? Ameweka kichwa kwenye usukani... Mwache. Ni mara ya kwanza nasikia Yahye akifikiri, kumbe hutumia mafuta mengi hivyo.

Nishikeni mikono. Huyu nani, wewe Robow? Haya, shika nawe. Mungu awape riziki isiyo na masimango. Awape macho ya kumwona aliye mbali na barabara. Awaepushe na sifa msizozitolea jasho, na lawama... lawama msizozistahili. Sahra, radhi yangu unayo, ya mbele na ya nyuma, umenibeba bila kunihesabia. Hamdia, yako nilikwisha kuitoa siku uliyonionyesha nimekosea kugawanya. Robow... hata wewe. Kidogo. Cheka, cheka, sijakuzuia.

Na Yahye...

Bado amesimama? Sahra, mto umeteleza. Hapo. Ndiyo.

Na Yahye, Mungu amlainishie... amlainishie shingo ile. Ni shingo yangu, najua ilivyo ngumu.

Ameondoka? Nasikia. Wapi, Hamdia? Sema kwa nguvu, masikio yanakwenda... Upande wa msikiti. Una hakika? Umemwona akipita msikiti?

Alhamdulillahi.

Mpumbavu yule ameacha mlango wazi, vumbi lote la Isiolo linaingia humu ndani. Hapana, Sahra... usiinuke. Usiufunge. Atarudi.