Kapteni Alvin Torgerson, Aliyekataa Gogo Kuitwa Mzinga

Marehemu Alvin Torgerson alizaliwa tarehe 9 Februari 1893, katika shamba la ngano karibu na kijito cha Elm, Minnesota, akiwa mtoto wa pili wa mzee Anders na mama Berit. Wasifu huu unasomwa na dada yake, Gudrun, na hautapunguzwa hata mstari.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane. Siku moja mkaguzi alikuja akasifu vitabu vipya vilivyojaa mezani. Alvin, mwenye umri wa miaka tisa, alimjulisha kwa adabu kwamba vitabu vile vimeazimwa kutoka shule ya jirani na vinarudi kesho. Alichapwa. Jioni alimwambia mama yake kwamba hata hivyo vitabu vilikuwa vya kuazima.

Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa kupigana. Katika kikosi chake walikuwamo vijana waliofunzwa kambini kwa bunduki za mbao, wakashika bunduki ya kweli mara ya kwanza wakiwa melini. Walivuka mto watu arobaini na mmoja, wakarudi kumi na watatu. Marehemu alirudi na mapafu yaliyounguzwa na gesi, na majina ya wale ishirini na wanane aliyajua kwa moyo hadi mwisho.

Tarehe 12 Juni 1920 alifunga ndoa na Solveig Haugen katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Karin na Leif. Kazi yake ilikuwa kupima nafaka katika ghala la mji, na wakulima walimwamini hata wasipotazama mizani. Kila Jumatatu alifunza kombania ya jeshi la akiba la jimbo, akiwa kapteni wake.

Miaka ile nchi ilikuwa imechoka na habari za vita, na jeshi lilipewa makombo. Wengi mjini walimwona marehemu, aliyedai silaha za kweli, kama mtu mwenye kiu ya damu. Aliwajibu kwamba vita havitaki. Asichotaka ni kudanganywa.

Agosti 1936 yalifanyika mazoezi makubwa. Malori ya mkate yalitundikwa vitambaa vilivyoandikwa "kifaru", na kombania ya marehemu ikapewa gogo juu ya magurudumu ya mkokoteni, lililopakwa rangi nyeusi, liwe mzinga wa kupiga vifaru hivyo. Malori yakaja. Mwamuzi, mwenye utepe mweupe mkononi, akatangaza kwamba gogo limeteketeza vifaru vitatu. Hapo marehemu akawaamuru watu wake wote sitini na wawili walale chini kwenye majani, wamekufa. Kanali akafika juu ya farasi.

"Torgerson, wainue watu wako. Mmeshinda."

"Hawawezi kuinuka, Bwana Kanali. Wameshakufa."

"Nani kawaua?"

"Gogo hili. Walilitegemea."

Walilala hadi saa sita mchana. Mpishi alipoleta soseji, maiti walikula wakiwa chali, na mmoja aliomba haradali.

Marehemu aliletewa karatasi ya kutia sahihi, iliyosema kwamba siku ile jua lilimpanda kichwani. Alikataa. Oktoba alivuliwa uongozi wa kombania, na umeja hakuupata kamwe. Karatasi aliiweka kwenye droo ya jikoni, na imo hadi leo, safi, haina sahihi.

Mapafu yalimzidi kuanzia majira ya kuchipua ya mwaka huu. Septemba Leif alijiunga na kombania ile ile ya baba yake, akaandika kutoka kambini kwamba amepewa bunduki ya kuchonga, ya mbao. Solveig alimsomea marehemu barua hiyo kitandani. Marehemu akauliza, "Wameipaka rangi?" Alifariki katika hospitali ya kaunti, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1940, saa mbili asubuhi.

Juzi alikuja ofisa, kijana mwenye heshima zake, akasema rejimenti itatoa gwaride na mizinga ya heshima, mradi habari za 1936 ziachwe nje ya wasifu huu. Solveig alimkaribisha kahawa, akamjibu, "Baruti yenu itunzeni, mwanangu. Mpeni Leif."

Kwa hiyo leo hakuna mlio wowote utakaosikika hapa. Tunasikitika, na tuna hasira, na hatuombi radhi kwa yote mawili.

Ameacha mjane, Solveig. Watoto, Karin na Leif. Dada yake, Gudrun. Na watu sitini na wawili waliowahi kufa kwa amri yake, ambao wengi wao wamesimama hapa wakiwa hai.

Kapteni amelala, na safari hii hakuna kanali wa kumwambia aamke. Apumzike kwa amani.