Mama Mchicha na Matuta Yake Mawili

Walioandika wasifu huu wanaomba radhi mapema. Jana mchana walikaa sebuleni, mume wa marehemu, watoto wake na dada yake, wakidhani wataandika kitu kilichonyooka, wakainuka na maswali mengi kuliko majibu. Yenye uhakika yamesemwa kwa uhakika. Yasiyo na uhakika yameachwa hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958. Kitambulisho chake kinasema 1960, lakini dada yake mkubwa amekataa katakata. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Hicho kitambulisho kilikuwa wapi?" Basi ni 1958. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkewe mshonaji.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, halafu chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1981. Mwaka uleule aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mboga, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa kupulizia mboga za majani vikuzaji, yaani maji yenye kitu cha kuulisha mmea kupitia jani. Alichokipenda kuliko vyote ni maji yaliyokamuliwa kwenye majani machanga ya mlonge. Hakutaka mchicha unenepe tu. Alitaka uwe na kitu ndani, chuma na vitamini, ili mtoto anayekula kidogo apate kingi. Mara nyingine maabara ilimkubalia, mara nyingine ilimkatalia, wala hakununa. Sharti lake lilikuwa moja: kila tuta lililopuliziwa dawa liwe na mwenzake lililopuliziwa maji matupu. "Huwezi kujua kitu kimeleta nini," aliwaambia vijana wa kituoni, "mpaka uone pale ambapo hakipo." Hao vijana ndio waliompa jina la Mama Mchicha.

Agosti 1984 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kituoni kutengeneza meza za kuoteshea miche. Walijaliwa watoto watatu. Seremala huyo hakuwa mtu wa mboga hata kidogo. Aliziita chakula cha sungura, na chochote kilichopuliziwa alikiita sumu, hata aelezwe vipi.

Miaka miwili iliyopita seremala aliugua, damu ikapungua mpaka akashindwa kushika randa. Hospitali ilimpa vidonge na kumwambia ale mboga za majani kwa wingi. Vidonge alimeza, mboga akazigomea. Ndipo marehemu, kwa hofu kubwa ambayo hakuionyesha, alipochimba matuta mawili nyuma ya karakana ya mumewe. Bomba jekundu la kupulizia lilikuwa la tuta la kulia, bomba la buluu la tuta la kushoto. Moja lina mlonge, alimwambia mumewe, jingine lina maji yaliyotiwa rangi ya kijani ya keki ili asiweze kutambua. Yeye marehemu atachanganya, mumewe atapulizia, na kila mmoja atakula tuta lake kwa sufuria yake.

"Sasa mimi nakula lipi?" mumewe aliuliza.

"Ukijua utajidanganya, baba watoto. Kula."

Kwa kuwa huenda lake lilikuwa la maji, akala. Alikula huku akijigamba kwa majirani kwamba yuko upande wa maji, ulimi wake haudanganyiki. Damu ikapanda, akarudi kwenye randa yake. Mpaka leo hakuna ajuaye kama ni vidonge, mchicha, au ubishi wenyewe.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Tarehe 2 Machi mwaka huu alipata kiharusi akiwa jikoni anakamua mlonge, akalazwa. Mumewe alikaa kando ya kitanda na swali lake lilelile. "Mama watoto, niambie sasa. Nilikuwa upande gani?" Mkewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Tukimaliza kuvuna," akasema. Alifariki tarehe 6 Machi asubuhi, mchicha ukiwa bado haujavunwa.

Jana binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa akitafuta sukari ya chai ya wageni. Nyuma ya makopo akakuta kichupa cha rangi ya keki. Hakijawahi kufunguliwa, kifuniko kingali na utepe wake wa kiwandani. Kumbe basi hayakuwahi kuwepo maji ya kijani, na mabomba yote mawili yalikuwa na mlonge? Mwenzake marehemu wa kituoni, aliyekuja msibani, alitikisa kichwa. "Mama Mchicha, bila tuta la maji? Haiwezekani. Atakuwa alikuwa na kichupa kingine." Wakapekua jiko zima. Kingine hakikuonekana.

Seremala alikaa juu ya ndoo na kichupa mkononi, hajui akasirike au acheke. "Amenilisha sumu yake miaka miwili," alisema, "na mpuliziaji ni mimi mwenyewe!" Akacheka. Kisha akalia sana, na watoto wakalia naye.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na matuta mawili ambayo familia haijui iyaite nini. Jioni ya leo mchicha wake utachumwa wote na kupikwa katika sufuria moja.

Mumewe ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema asubuhi hii: "Kila siku nilikuwa namsumbua, niko upande gani, niko upande gani. Leo nimechemsha chai, nikaweka vikombe viwili, nikakaa kusubiri. Upande wa maji matupu ndio huu."

Mama Mchicha amefanya kazi ya kutosha. Sasa na apumzike kwa amani.