Mpiga Gitaa Aliyezikwa kwa Mdomo

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kinunda, wajomba wa Lundo, wakwe wa Lipingo, na ninyi wageni mliotoka Mbinga mjini na Mbeya mkakaa nasi chini ya turubai hili tangu juzi, familia inaomba usikivu wenu na inaomba pia uvumilivu, kwa sababu nyumba hii iliwahi kutangaza kifo cha marehemu huyu mara moja kabla, yeye akiwa mzima na akila ugali wake, na leo inasoma historia yake ikiwa imeinamisha uso. Imeandikwa na mdogo wake, Mwalimu Kilian Kinunda, mtunza daftari la ukoo, na kwa ombi lake inasomwa na Vitalia, binti mkubwa wa marehemu, wakati Mwalimu mwenyewe amesimama pembeni ya jeneza mahali ambapo kila mtu anamwona. Wapenzi wa muziki wa marehemu walisema tangu jana kwamba hawatatia udongo kaburini mpaka ukweli usomwe mbele ya watu, na familia imeona wana haki.

Marehemu Baltazar Mansuetus Kinunda alizaliwa tarehe 4 Machi 1950 hapa Mkumbi, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Mansuetus Kinunda, aliyekuwa katekista wa kigango hiki kwa miaka thelathini na mmoja, na Mama Ottilia, binti wa Lundo, na alibatizwa tarehe 19 Machi mwaka huohuo. Mwaka 1956 na 1957 alilelewa Lundo kwa mjomba wake Joakim, mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, ambaye alimtengenezea gitaa la kopo la mafuta lenye nyuzi za mshipi wa kuvulia, naye akalishika kwa mkono wa kushoto, na mjomba, ambaye alikuwa na nyavu zake za kushona, hakujisumbua kumsahihisha.

Alianza darasa la kwanza hapa Mkumbi Januari 1958, akafundishwa kwa fimbo kuandika kwa mkono wa kulia, akamaliza shule ya kati mwaka 1965, na Januari 1966 alipelekwa seminari ndogo, kwa kuwa baba yake alikuwa amemwekea Mungu nadhiri ya kumtoa mtoto mmoja kwa upadre. Alirudishwa nyumbani Oktoba 1967 baada ya kukutwa akipiga kwenye kinanda cha kanisa nyimbo ambazo kanisa halikuwa limezituma, na tangu siku hiyo baba yake alimwita "yule", bila jina. Alifanya kazi ya karani wa mizani katika chama cha ushirika wa kahawa, Mbinga, kuanzia Machi 1968 hadi Aprili 1970, na tarehe 6 Mei 1970 aliondoka kwenda Mbeya, ambako reli ilikuwa inakuja na vijana wengi walifuata kazi.

Hapa daftari la ukoo linanyamaza. Daftari hilo, ambalo Mzee Mansuetus alilianza mwaka 1947 na kumkabidhi Kilian mwaka 1988, lina tarehe ya kila ubatizo, kila kipaimara, kila ndoa, hata tarehe ya kupandwa kwa mibuni ya kule bondeni, lakini kwenye ukurasa wa Baltazar, kuanzia 1970 hadi 1979, lina neno moja kwa mwandiko wa Mzee: "Hayupo." Kilian alilikuta neno hilo, akaugeuza ukurasa kwa miaka thelathini na saba, na hakuwahi hata siku moja kwenda vichanjani, ambako kaka yake alikuwa anageuza kahawa, akamuuliza ulikuwa wapi.

Kwa hiyo jana, ilipobidi historia iandikwe, Mwalimu Kilian alichukua daftari na kalamu, akatoka nje kwa wageni, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Bwana Masoudi, mwenye duka la vipuri Mbinga mjini ambaye ujana wake aliupitia Mbeya, Bibi Mwanabibi, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni mwa ukumbi kule Mbeya, na Mzee Steven, aliyekuwa dereva wa malori ya saruji ya reli, akawaomba wamsaidie kumjua ndugu yake wa tumbo moja. Bwana Masoudi ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, leo unauliza wewe? Mwaka ule tulikuja kukuuliza sisi."

"Ndiyo, Bwana Masoudi. Leo nauliza mimi."

"Haya, andika. Na uandike sawasawa."

Waliyosema yameandikwa kama walivyoyasema. Marehemu alijiunga na bendi ya vijana iliyoitwa Loleza Roki mwezi Agosti 1971, akawa mpiga gitaa la solo, na bendi hiyo ilipiga muziki wa roki uliokuwa ukiingia kutoka Zambia, muziki wa kelele na wa uchungu, ambao wazee waliuita wa wahuni na vijana waliufuata kwa miguu. Mzee Steven alisema alikuwa akiegesha lori nje ya ukumbi na saruji ya watu ndani yake, akisema moyoni atasikiliza wimbo mmoja tu, na msimamizi wake alimkata siku tatu za kazi. Kuhusu siku iliyokuwa bora kuliko zote hawakukubaliana.

"Saba Saba ya sabini na tatu," alisema Mzee Steven. "Nyuzi mbili zilikatika, akamaliza wimbo na nne."

"Acha uongo wako, Steven, Saba Saba wewe ulikuwa nje, hukuwa na pesa wala tiketi," alisema Bibi Mwanabibi. "Ilikuwa Krismasi. Na ulikatika uzi mmoja."

"Wewe ulikuwa unahesabu tiketi, ungehesabu nyuzi saa ngapi?"

"Nilihesabu vyote. Ndiyo maana hukuingia."

Mwalimu Kilian, ambaye kwa kawaida haandiki tarehe isiyo na shahidi, aliandika zote mbili. Jambo ambalo wote watatu walikubaliana ni kwamba marehemu alikuwa na haya, akipiga solo aliwageuzia watu mgongo, hivyo mashabiki wake waliujua mgongo wake kuliko uso, na vijana wa Mbeya walimwita Balta Mgongo. Mwezi Septemba 1974 bendi ilisafiri hadi Nairobi ikarekodi santuri moja, wimbo "Mawimbi ya Lundo", aliouleta yeye kutoka kwa mjomba wake, lakini kwenye lebo lilichapwa jina la kiongozi wa bendi peke yake, na marehemu hakudai. Magazeti yalisifu mwimbaji, redio ilitaja kiongozi, na wanaojua gitaa lile ni la nani ni hawa waliokaa hapa pamoja na wengine wachache ambao wameshatangulia.

Bendi ilivunjika mwaka 1979, vyombo vikabaki kwa mwenye ukumbi, ambaye ndiye aliyekuwa mmiliki wake, na tarehe 11 Novemba 1979 marehemu alirudi Mkumbi na sanduku moja bila gitaa. Baba yake alimpokea kwa sharti kwamba habari za Mbeya zisitajwe chini ya paa la katekista, naye alikubali, akapewa mibuni mia tatu ya bondeni, akawa mkulima wa kahawa kwa miaka arobaini na mitano, na kahawa yake haikuwahi kukataliwa kwa kuwa na chuya.

Tarehe 16 Oktoba 1982 alifunga ndoa takatifu na Lidia, binti wa Lipingo, wakajaliwa watoto watatu, Vitalia mwaka 1983, Hildegardi mwaka 1986, na Joakim aliyezaliwa na kufariki mwaka 1990. Bibi Lidia aliaga dunia tarehe 8 Februari 2009. Mwaka 1996 kwaya ya kigango ilipopata magitaa, wanakwaya walimtaka marehemu awafundishe, na Mwalimu Kilian, akiwa katibu wa kigango, alikataa akisema watu watakumbuka mambo ya zamani, ingawa hapa Mkumbi hakukuwa na mtu aliyekuwa na la kukumbuka isipokuwa yeye mwenyewe.

Sasa familia inafika mahali ambapo ingependa kuruka, na Mwalimu Kilian ameagiza pasirukwe.

Tarehe 18 Juni 2014, saa tano asubuhi, Bwana Masoudi na Mzee Steven walifika katika uwanja huu wakiwa na santuri ndani ya bahasha, baada ya kuuliza vijiji saba. Wakati huo Kilian alikuwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa halmashauri ya walei ya parokia, na zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili mwanawe, Padre Mansuetus, apewe daraja la upadre, jambo ambalo ukoo ulilisubiri tangu nadhiri ya babu yake. Aliogopa kwamba wageni wale watarudi na watu wa redio, kwamba yatasemwa mambo ya kumbi na bangi, na kwamba Askofu atakuja kwenye nyumba yenye mhuni. Walipomuuliza kama hapa ndipo kwao Balta wa gitaa, aliwakaribisha viti, akawapa togwa, akasema, "Huyo alishafariki." Mzee Steven aliuliza ni lini, ili wamkumbuke, na Kilian, mtu ambaye kwa tarehe hajawahi kubahatisha, alitunga moja pale pale, akasema tarehe 2 Machi 1980, kulekule Mbeya. Mzee Steven alivua kofia, Bwana Masoudi akainua mikono akamwombea dua, machozi yakimtoka, na Kilian akaitikia "Amina."

Marehemu alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, ameinama juu ya kichanja, anageuza kahawa, mgongo wake ukiwa upande wao, na alisikia yote. Jana Bwana Masoudi alisema, "Ule mgongo niliuona, Mwalimu. Nikajiambia, mgongo ule naujua. Kisha nikajiambia, mwalimu mkuu hawezi kumzika ndugu yake kwa mdomo."

Wageni walipoondoka marehemu alimaliza kichanja chake, akanawa, akaja akakaa kwenye kiti ambacho Bwana Masoudi alikuwa amekikalia, akanywa togwa iliyobaki. Alimuuliza mdogo wake swali moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za shamba: "Kilian, sasa umenizika. Historia yangu ulinisomea?" Kilian akakusanya vikombe vya wageni, na marehemu hakuuliza tena mpaka kufa kwake. Kwenye daraja la upadre alikaa nyuma, alibeba kuni, alicheka na watoto.

Kwa miaka kumi, kila tarehe 2 Machi, wapenzi hawa walikutana dukani kwa Bwana Masoudi, wakapiga "Mawimbi ya Lundo" na kumwombea mtu aliyekuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kwao, na Kilian alilijua hilo tangu mwaka wa pili, kwa kuwa watu wa Mbinga husema, akaendelea kunyamaza.

Marehemu alianza kuugua tezi dume mwaka 2022, baadaye figo, na tarehe 12 Februari 2025 alilazwa hospitali, Mbinga mjini. Bwana Masoudi, aliyekuwa amekuja kumwona mkewe Hasna, alisikia muuguzi akiita jina kamili la mgonjwa, akasogea kitandani, akauliza kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Wewe ni nani wake marehemu Balta?" Marehemu akajibu, "Marahaba. Mimi ndiye marehemu."

Aliruhusiwa mwisho wa mwezi, na tarehe 2 Machi 2025 wapenzi wake walikuja hapa na mashine ya santuri, wakamfanyia kumbukumbu ya kumi na moja akiwa amekaa katikati yao, naye akawaambia, "Mwaka huu msile chakula chote, mwenye msiba yupo." Waliomba awageukie, akawageukia. Mwalimu Kilian siku hiyo alikwenda shambani akarudi jioni. Hilo nalo ameomba liandikwe.

Padre Mansuetus alipoelezwa juzi kwamba uongo ule ulisemwa kwa ajili ya daraja lake, alisema, "Baba, wimbo ule wa Lundo baba mkubwa alinifundisha vichanjani nikiwa na miaka minane. Mimi niliuimba moyoni siku ya daraja langu, nikiwa nimelala kifudifudi mbele ya altare."

Baltazar Mansuetus Kinunda alifariki hapa nyumbani tarehe 19 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi mitano na siku kumi na tano. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na hawa waliotoka mbali. Tarehe hii ina mashahidi sita, na ile ya 2 Machi 1980 familia inaikana leo mbele ya Mungu na mbele yenu. Daftari la ukoo halifutwi, hivyo neno "Hayupo" limebaki pale lilipoandikwa, na chini yake, kwa mwandiko wa Kilian, yameandikwa yote mliyoyasikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mkumbi waliochimba kaburi na kuteka maji, wanachama wenzake wa ushirika wa kahawa, Baba Paroko na kwaya. Inawashukuru kwa namna ya pekee Bwana Masoudi, Bibi Mwanabibi, Mzee Steven na wenzao, waliomtunza ndugu yetu wakati sisi tulikuwa naye na hatukumtunza. Mwalimu Kilian haombi msamaha wenu uwe wa leo, anaomba tu kwamba kabla jeneza halijainuliwa, "Mawimbi ya Lundo" upigwe katika uwanja huu ambamo ulikatazwa, kisha wao watangulie kutia udongo, na yeye atatia wa mwisho.

Kaka Baltazar, uliuliza kama ulisomewa. Leo umesomewa. Pumzika kwa amani.