Sifuri Iliyoukimbiza Mji

Uuuu! King'ora cha kiwanda cha mawese kililia saa tatu usiku, na nusu ya mji wa Rumonge ikaingia ziwani, maji shingoni, watoto mabegani, kuwakwepa waasi wenye silaha, ambao hawakuja. Asubuhi, kwenye benchi la kahawa la Zena, nguo zilikuwa hazijakauka lakini maneno yalishachemka. Juma, mlinzi wa kiwanda, alikuwa amefungwa brigadi, kituoni kwa askari: jandarma walimkuta na waya wa king'ora mkononi, wakasema alikuwa anawaita waasi. Swichi, fundi wa kompyuta ya kiwanda, alikaa pembeni akikoroga kahawa isiyo na sukari. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alikuja akikimbia kutoka Kabezi, na miaka ile ya vita jina la mtu liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani kabla ya salamu, ijulikane ni wa upande gani. Lingeweza kumvusha, lingeweza kumzika.

— Juma ameuza mji, alisema Ndagala, muuza samaki. Chema chajiuza!

— Unajua nini wewe? alidakia Ministri, karani mstaafu. Ile ni satelite. Iko inapita juu ya ziwa, inavuta vyuma.

— Mbona haikuvuta jino lako la dhahabu?

— Ni mashine ya kiwanda, alisema Swichi. Ndani iko kadi, na kwenye kadi iko rejista: visanduku vinane, kila kimoja sifuri au moja. Kimoja cha pampu, kimoja cha king'ora. Huwezi kugusa kimoja peke yake. Ni kama sinia hii ya Zena: ukitaka kubadili kikombe kimoja, unaleta sinia nzima mpya. Na ile ya zamani huwezi kuichungulia. Ukumbuke mwenyewe ilivyokuwa.

— Mupumbavu gani alipanga hivyo? aliuliza Ndagala.

— Muzungu mmoja huko kwao! Kwa pampu, sifuri ni kulala. Kwa king'ora, sifuri ni kulia, ili mwizi akikata waya wa kadi kipige kelele.

— Na ukileta sinia ya sifuri tupu? aliuliza tena Ndagala.

— Pampu inalala, king'ora kinalia. Juma alichomoa waya wa umeme wa king'ora ili kinyamaze.

Ministri alicheka hadi akapaliwa.

— Sifuri ikimbize mji? Maji ya kifuu, bahari ya chungu! Miaka thelathini ofisini sijaona sifuri ikifanya kazi.

— Ilikuwa inakutazama wewe, alisema Ndagala.

Swichi alitaka kumtukana tena yule Mzungu, akaacha, akakoroga kahawa. Kitabu cha maelezo ya kadi kilikuwa kimeyasema yote, ukurasa wa nne. Ni Swichi mwenyewe aliyenakili programu yake ya pampu ya kule Kigwena, ambako kadi haina king'ora, akaiweka hapa jana jioni bila kubadili hata mstari, na saa tatu ikapeleka sifuri tupu ili kuilaza pampu.

Riziki, mke wa Juma, alifika na kitenge bado kimelowa.

— Amahoro, wababa. Saa sita wanamupeleka Bujumbura. Nimewaambia si yeye. Wamesema: leta jina. Kama si Juma, niwapelekee jina gani?

Ministri aliangalia juu, kana kwamba satelite ingemjibu. Ndagala alikagua kucha zake.

— Sema mashine, mama, alinong'ona Ndagala.

— Mashine haifungwi, baba.

Swichi alirudisha kikombe kwenye sinia, taratibu, bila kutikisa vingine.

— Tupite kwangu kwanza, tuchukue kitabu. Halafu uwaambie ile programu iliandikwa na Bienfait Nduwayo, mutoto wa Kabezi. Ni mimi.