Chuo cha Kupasua Maiti

Kibarazani kwa Umakant, muuza vitambaa wa Mbeya, kulikuwa na benchi ambalo hakuna aliyekumbuka nani alilileta. Mwaka wa hamsini na saba walilikalia kila asubuhi watu watatu: Eliezeri, aliyeitwa Gazeti, Jailos fundi magari, ambaye benchini aliitwa Spana, na Yotamu, mzee wa kanisa, ambaye hakupewa jina kwa kuwa hakuwa mtu wa kucheka. Tusekile ndiye aliyewauzia kahawa. Yotamu alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, na asubuhi moja Tusekile alimtaka kwa jambo moja tu: atie sahihi barua ya Yudith, binti wa Tusekile. Binti alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi Dar es Salaam, barua ilidai sahihi ya mlezi wa kiume, na gari la posta lilikuwa likiondoka saa sita.

Yotamu angeshaitia sahihi kama si Gazeti. Alikuwa ametoka Mbalizi, na huko, alisema, mjumbe mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria amewaambia watu kwamba atapigania vyuo vya waganga na nyumba ya utafiti wa magonjwa.

— Utafiti ndiyo nini? aliuliza Yotamu, kalamu mkononi.

— Kutafuta ugonjwa.

— Wangu ulinipata bila kutafutwa, akasema Spana.

Gazeti akaeleza kwamba chuoni wanafunzi hupasua maiti, wakatazama ndani. Benchi likachangamka, maana hilo walilijua. Kwao Rungwe mtu akifa kifo cha utata, wazee walimpasua kabla ya kumzika, wakatafuta tumboni alama ya uchawi. Bomani walishakataza. Sasa mjumbe anataka kifunguliwe chuo?

— Wametuibia ujuzi, akasema Spana. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Hiyo inahusiana na nini? akauliza Gazeti.

— Inahusiana. Fikiri polepole.

Spana mwenyewe alikuwa ameshafikiri. Mjumbe ana wapinzani barazani, anashuku wamefuga chatu wa uchawi matumboni, kwa hiyo anasomesha mabinti waje kuwapasua mmoja mmoja. Gazeti akasema hapana, shida ni damu. Damu ya watu wa baridi ni nzito, haimwagiki ovyo, na huko pwani inatakiwa kwa madebe. Ndiyo maana wanachukua wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yotamu akaiweka kalamu chini. Kusoma tumbo ni kazi ya wazee, alisema. Msichana aliyesoma tumbo ataolewa na nani?

— Shemeji, atafunga vidonda, akasema Tusekile.

— Leo vidonda. Kesho matumbo.

Tusekile akatazama jua, akamwongezea kahawa. Mtu mwenye kahawa mdomoni walau hasemi.

Hapo ndipo aliposogea Philbert, mgeni wa Kalenga kule Iringa, ambaye tairi lake lilikuwa linamngoja Spana tangu alfajiri. Akawasalimu kwa kamwene ya kwao, akaketi ukingoni, akasikiliza mpaka akachoka.

— Samahani, wazee. Huyu binti, baba yake yuko wapi?

— Mdogo wangu huyo, akasema Yotamu. Alifariki, sasa miaka mitano. Alivimba tumbo siku nne tu. Tulimpasua wenyewe, kimyakimya. Nilikuwepo.

— Poleni sana. Alikufa na nini?

Spana akakumbuka tairi, lakini hakuinuka. Tusekile alisimama na birika mkononi. Siku ile wazee walirudi bila kusema neno, naye akaamini wamemwona mchawi na wanamficha jina. Akajichagulia mchawi mwenyewe: jirani yake Andendekisye, ambaye hajamsalimu mpaka leo.

— Shemeji, mgeni anauliza, akasema.

Yotamu akaweka kikombe chake chini.

— Mlikuwa na vitu vingi mle ndani, akasema. Hatukujua kipi ni kipi.

Hakuna aliyeleta methali. Tusekile akaweka birika chini, akakunjua barua juu ya goti la shemeji yake, akaweka kidole penye mstari.

— Hapa, akasema. Uandike majina yako yote mawili.