Kamba Isiyo ya Kihistoria

“Tangazo la Kuondolewa kwa Kamba Isiyo ya Kihistoria Kwenye Pete ya Kihistoria.” Lilibandikwa Jumatatu kwenye lango la ngome yetu kando ya Mto Maas, lina mihuri miwili. Pete ni ya chuma, imo ukutani tangu enzi za watawala waliopigana kwa panga. Wageni hulipa kuiona, pamoja na shimo la wafungwa, kisha hununua panga za plastiki. Kamba ni ya nailoni, ya buluu. Benchi letu linaitazama. Tulikuwa na chupa ya kahawa: Fons Kufuli, bawabu mstaafu wa ngome, Wannes, tunayemwita Profesa kwa sababu alikuwa mwokaji mikate, mimi, na Griet, mjane, pembeni. Akaja kijana wa ofisi ya ngome, mgeni kazini, kupima pete.

— Bwana mdogo, hiyo usiiguse, Fons akaanza. Wahispania walipouzingira mji, kamba hiyo ndiyo iliyovuta chakula.

— Ya nailoni, mzee?

— Wahispania walikuwa mbele sana, Profesa akadakia. Na kabla yao, mtawala alimfunga hapo dubu wake.

— Dubu wapi! Simba.

— Dubu! Nyie mabawabu mnajua funguo tu. Dubu alipokufa, askofu akaibariki kamba. Ukiitoa, mto unafurika. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake…

Akakwama. Alimtazama Griet, akachovya biskuti kwenye kahawa mpaka ikamegukia humo.

— Haya, wazee wangu, kijana akasema. Niambieni basi: nani aliifunga?

Jina hilo mji mzima unalijua; ndiyo maana tulikuwa tunadanganya.

Griet akaweka kikombe chini.

— Mmenisitiri, ndugu zangu, ahsanteni. Lakini mume wangu Lieven asigeuzwe dubu. Bora kamba itoke.

— Griet, mama, subiri kwanza…

— Nimesubiri, Fons.

Kwa kamba hiyo Lieven alifunga mashua yake kwenye pete, akajitosa mtoni kumfuata mtoto wa watalii. Mtoto aliokoka. Lieven hakupatikana. Mashua tuliitoa sisi kwa kukata kamba. Fundo hatukuthubutu kuligusa. Alhamisi, kabla mafundi wa kuiondoa hawajafika, Griet alilifungua mwenyewe, akaenda na kamba nyumbani.